Vina na Nasaba

Mgeni akiingia barazani katika miji ya pwani huulizwa jina, na kabla hajatulia huulizwa swali la pili, nalo ndilo zito: wa nani? Watu wa visiwani hupenda kujua mtu katoka tumbo gani, mjomba wake ni nani, na babu yake alishuka bandari ipi. Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa jina mtu hupewa, ilhali nasaba huzaliwa nayo. La ajabu ni kwamba watu hao hao, maji yakipwa wakashuka ufukweni na vikapu vyao, huacha kuuliza. Kila chenye gamba gumu, magando mawili na mwendo wa upande huitwa kaa, na mazungumzo yakaishia hapo. Chungu kilicho mekoni hakina haja ya nasaba.

Lakini swali lile la barazani likiulizwa ufukweni huleta majibu ya kushangaza. Kaa, kamba, kamba mti na uduvi ni jamaa wa ukoo mmoja mkubwa ambao wataalamu wa viumbe huuita krasteshia: wanyama wenye gamba nje ya mwili, miguu ya viungo, na jozi mbili za vipapasio kichwani. Ukoo huo una aina zaidi ya 60,000 zilizokwisha kupewa majina. Kupanga nani ni ndugu wa nani ndani yake kumewachukua wanazuoni zaidi ya karne mbili na nusu. Njiani wamekosea mara nyingi, na makosa yao yana mafunzo sawa na majibu yao.

Mpenzi wa mashairi hahitaji kuingia maabara ili aelewe chanzo cha makosa hayo. Anajua kwamba vina si nasaba. Maneno mawili yanaweza kufanana sauti mwishoni mwa mishororo, yakaitikiana kama watoto wa mama mmoja, na yasiwe na uhusiano wowote. Neno kaa lenyewe ni shahidi. Kaa wa pwani, kaa la moto na kaa kitako ni sauti moja, na hakuna mwenye akili atakayedai kwamba mnyama yule alipata jina lake kwa kuungua au kwa kupenda kukaa. Upande wa pili kuna jino na meno. Sikio la mgeni halisikii undugu kati ya mwanzo wa neno hili na mwanzo wa lile, lakini kila mtoto anayejifunza kusema anajua kwamba hili ni moja na yale ni mengi ya hilo hilo. Shina ni moja. Viambishi ndivyo vilivyolibadilisha uso. Katika lugha, basi, wapo wanaofanana bila ya kuwa ndugu, na wapo ndugu wasiofanana. Bahari nayo imetunga vivyo hivyo.

Kwanza ni wale wanaofanana. Katika maji baridi ya kaskazini mwa Pasifiki, kuanzia Kamchatka hadi Alaska, huvuliwa kaa mkubwa mwekundu ambaye miguu yake ikinyooshwa hufika takriban mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha. Wafanyabiashara humwita kaa mfalme. Gamba lake ni pana, magando anayo, na mkia wake umekunjwa chini ya kifua kama wa kaa yeyote. Lakini mwenye kuhesabu miguu atashtuka. Kaa wa mikoko wa Unguja au Pemba ana jozi nne za miguu nyuma ya magando. Kaa mfalme huonyesha jozi tatu tu, na ya nne ni ndogo, imefichwa ndani ya gamba. Akipinduliwa, ajabu huzidi. Mkia wa jike haulingani kulia na kushoto: umepinda, na vijiguu vya kubebea mayai vipo upande mmoja. Kupinda huko kuna faida gani kwa mnyama anayetembea wazi juu ya sakafu ya bahari? Faida haionekani, mpaka akumbukwe yule ambaye kwake kupinda ni lazima, yule mdogo wa ufukweni anayeburuta kombe la konokono aliyekufa na kulifanya nyumba. Kombe huzunguka kama ngazi ya mnara, na mkia laini wa mpangaji wake huzunguka nalo.

Mwaka 1992 watafiti watatu, Cunningham, Blackstone na Buss, walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya kaa mfalme na vya hao wapangaji wa makombe. Walikuta kwamba kaa mfalme ametoka ndani ya ukoo wao. Mababu zake walikaa nyumba za kuazima. Wakatoka humo, wakaota gamba lao wenyewe, wakakunja mkia. Lakini kupinda kule kukabaki mwilini, kama lafudhi inavyombakia mtu aliyehama kwao angali kijana. Mtu huyo anaweza kuvaa kama wenyeji, akala kama wao na akaoa kwao, lakini siku ya hasira ulimi humtaja alikotoka.

Wala jambo hilo halikutokea mara moja. Mtaalamu wa Kiingereza, L. A. Borradaile, alikwisha kuupa jina mwendo huu wa kugeuka kaa mwaka 1916, na hesabu za miaka ya karibuni zaonyesha kwamba umbo la kaa limezuka angalau mara tano, kila mara katika mlango mwingine wa ukoo. Mkia uliokunjwa chini haumpi adui pa kushika. Mwili bapa huingia katika ufa wa mwamba. Bahari ikipata umbo linalofaa hulirudia, kama mtunzi anavyokirudia kina kinachomtii. Tena wapo ambao mababu zao walikwisha kuwa kaa, kisha umbo hilo wakaliacha. Mwenye kuona umbo na kudhani ameona asili atakuwa ameshika kina cha mwisho, akaliacha shairi.

Kwa jambo hili mtu wa visiwani hana haja ya kusafiri hadi Alaska. Katika msitu wa kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, anaishi yule kaa mkubwa apandaye minazi. Anaweza kufikia uzito wa kilo 4, na hakuna mnyama mwingine wa nchi kavu mwenye miguu ya viungo anayemshinda kwa ukubwa. Linnaeus, bingwa wa Sweden aliyejitwika kazi ya kuvipa majina viumbe vyote, alimwandika mwaka 1767 kuwa ni kaa mnyang'anyi. Unyang'anyi wake ni shauri jingine. Ukaa wake ndio wenye shaka. Huyu pia ni wa ukoo wa wapangaji. Jike hushuka hadi kwenye maji ya bahari kuachia mayai. Viluwiluwi huelea kwa wiki kadhaa, kisha mtoto huzama chini, akatafuta kombe tupu, akalivaa, na akapanda nalo nchi kavu. Akikua na ngozi ya mkia ikakomaa, huliacha kombe moja kwa moja, na tangu hapo akitumbukizwa baharini hufa maji. Mzee hakumbuki tena kuogelea, lakini utoto wake umekwisha kutoa ushahidi.

Sasa ni zamu ya ndugu wasiofanana. Chombo kikikaa majini kwa muda mrefu, mkuku na mbao zake hushikwa na vigamba vyeupe, vigumu kama jiwe, vyenye umbo la kilima kilichotobolewa kileleni. Vigamba hivyo hukifanya chombo kizito, na nahodha akaona upepo ni mzuri lakini mwendo haupo. Ndiyo sababu majahazi hupandishwa pwani, yakakwanguliwa na kupakwa deheni. Vinavyokwanguliwa havina miguu inayoonekana, havina kichwa, wala haviendi popote. Yeyote angesema ni jamaa wa chaza. Ndivyo alivyosema Linnaeus mwaka 1758, alipoviweka pamoja na makombe katika fungu la minyoo. Na Cuvier wa Ufaransa, mwaka 1817, aliviacha katika jamii ya konokono na chaza.

Aliyevijia na swali la wa nani alikuwa daktari wa jeshi, John Vaughan Thompson, aliyewahi kutumika Mauritius na Madagaska kabla ya kukaa Cork, Ireland. Thompson alichota kwa wavu mwembamba vijidudu vilivyokuwa vikiogelea huru baharini, akavitia katika chombo cha maji ya chumvi, akangoja. Viliogelea kwa ukunjufu kama uduvi. Baadaye baadhi yake vilijivua ngozi, vikanata chini ya chombo, na vikawa vigamba. Alichapisha habari hizo mwaka 1830. Kiumbe kilichoonekana kama jiwe lisilo na kwao kilikuwa na utoto wa kuogelea, na utoto huo ulikuwa wa krasteshia dhahiri. Kinachotoka kwenye tobo la kileleni wakati maji yamejaa ni miguu yake: mnyama amesimama kwa kichwa ndani ya nyumba yake ya chokaa, na kwa miguu huupepea mdomo chakula.

Charles Darwin alikipokea kisa hicho na kukibeba kwa miaka minane, tangu 1846 hadi 1854. Mwaka 1835, katika visiwa vya Chonos huko Chile, alikuta ndani ya kombe kiumbe kidogo kilichotoboa shimo na kujificha humo, kisicho na nyumba ya chokaa hata kidogo, na bado kilikuwa jamaa wa vigamba. Ili kukifahamu kimoja ilimlazimu kuvifahamu vyote. Aliomba vielelezo kutoka pembe nyingi za dunia, akavipasua chini ya kioo cha kukuzia, akakuta katika aina fulani madume madogo mno yaliyojishikiza mwilini mwa wenzao wakubwa na kuishi hapo kama chawa. Kazi ilimchosha hata mwaka 1852 akamwandikia binamu yake kwamba anavichukia vigamba hivyo kuliko baharia wa chombo kizito. Nahodha wa jahazi angemwelewa. Lakini alipotoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe mwaka 1859, aliandika akiwa amejionea kwa macho yake namna mwili mmoja unavyoweza kunyooshwa, kufinywa, kukatwa na kugeuzwa bila ya kupoteza kumbukumbu ya ulikotoka.

Kumbukumbu hiyo imehifadhiwa zaidi kwa watoto. Wahenga walisema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Baharini methali hiyo inataka sherehe kidogo. Mtoto wa kigamba si kigamba, bali ni kiluwiluwi chenye jicho moja katikati na jozi tatu za viungo, ambacho wataalamu hukiita naupliasi. Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia Brazili, alimpata kiluwiluwi huyo huyo kwa kamba pia, na mwaka 1864 akachapisha kitabu kidogo cha kumuunga mkono Darwin. Wazazi wawili wasiofanana hata chembe, mmoja ameganda juu ya mwamba na mwingine anaruka ndani ya wavu, wana watoto wenye sura moja.

Ushahidi wa watoto ndio uliomfichua hata Sakulina, ambaye ameharibika kuliko wote. Huyu humwingia kaa na kueneza ndani yake nyuzi kama mizizi ya mti. Akikomaa hana gamba, hana miguu, hana mdomo. Huonekana kama mfuko tu uliotokeza chini ya mkia wa mwenyeji wake. Kaa aliyeingiwa hazai tena. Huusafisha mfuko ule na kuupepea maji safi kama anayelea mayai yake mwenyewe, na hata dume hupanuka mkia kama jike akawa mlezi wa wana wa mwingine. Mfuko huo ungeweza kuitwa uvimbe, au uyoga, au ugonjwa. Lakini watoto wanaotoka humo ni naupliasi, na hukua kama watoto wa vigamba wanavyokua. Sakulina ni ndugu wa vile vinavyokwanguliwa mkukuni, na kwa mbali ni jamaa wa huyo huyo kaa anayemla.

Hadi hapo mtu wa pwani anaweza kuridhika kwamba mambo haya ni ya bahari na yamebaki baharini. Hayakubaki. Linnaeus, katika mpango wake wa mwaka 1758, aliwaweka kaa na kamba ndani ya fungu la wadudu, pamoja na nge na buibui. Waliomfuata waliona ni kosa la wazi: wadudu wana miguu sita, hupumua hewa, wengi huruka, krasteshia ni watu wa maji. Wakawatenganisha, na kwa muda mrefu wadudu wakahesabiwa kuwa jamaa wa tandu na jongoo, kwa kuwa wote ni wa nchi kavu na wanapumua kwa namna inayofanana. Kumbe hapo pia palikuwa na vina bila ya nasaba. Mwaka 2010 Jerome Regier na wenzake walichapisha uchunguzi uliolinganisha jeni 62 kutoka aina 75 za wanyama wenye miguu ya viungo. Wadudu hawakuangukia kwa tandu. Waliangukia ndani ya krasteshia kabisa, kama mtoto ndani ya nyumba ya mama yake. Linnaeus aliwatia kaa katika wadudu, ilhali ukweli ni kinyume chake: wadudu ndio wamo katika ukoo wa kaa.

Na jamaa wa karibu zaidi wa wadudu aliyejulikana kwa uchunguzi kadhaa wa miaka hii ni kiumbe ambaye hapo awali hakuna aliyekuwa na habari zake. Mwaka 1979 mpiga mbizi na mwanasayansi Jill Yager, akiogelea ndani ya pango lililojaa maji katika kisiwa cha Grand Bahama, alimwona mnyama mweupe, kipofu, mwenye mwili mrefu wa pingili nyingi, anayeogelea chali kwa miguu mingi kama makasia. Alimweleza kwa maandishi mwaka 1981, na mnyama akapewa fungu la peke yake, lenye jina la miguu ya kasia, Remipedia. Nzige, nyuki, kipepeo na kumbikumbi wana binamu yao gizani, chini ya kisiwa.

Kuna methali inayosema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Husemwa kwa kumwonea mdudu huyo huruma, kwamba udogo wake unamfanya aite bahari kile ambacho si bahari. Methali haina kosa katika kusudi lake. Lakini chungu anayezunguka ukingo wa kifuu ni mjukuu wa mabaharia, ametokana na viumbe vilivyoogelea katika bahari ya kweli mamia ya mamilioni ya miaka kabla hapajakuwa na mnazi wa kutoa kifuu wala mtu wa kutunga methali.

Msomaji anaweza kuuliza: yote haya yana faida gani? Jina la mvuvi litabaki kaa, na litabaki sahihi chunguni. Lugha haiwezi kumtaka muuza samaki aanze kuhesabu jozi za miguu kabla ya kutaja bei. Kosa huanza pale jina la sokoni linapochukuliwa kuwa hati ya kuzaliwa. Visiwa hivi vinalijua kosa hilo kwa machungu yake. Katika zama za ukoloni daftari za serikali ziliwagawa watu mafungu kwa kabila na rangi, na watu waliokula sahani moja wakajikuta katika kurasa mbalimbali. Na yaliyotokana na mafungu hayo bado yanawauma wazee. Sura ilisomwa kama nasaba, na nasaba ikasomwa kama thamani ya mtu. Elimu ya krasteshia haimfundishi mtu namna ya kuishi na jirani yake, lakini inaonyesha kwa ushahidi mambo mawili: kwamba jicho ni mwandishi mbaya wa nasaba, na kwamba nasaba ikifuatwa mbali vya kutosha haiwatengi watu, huwakutanisha.

Faida nyingine ipo ufukweni penyewe. Kaa wa minazi yumo hatarini. Tathmini ya IUCN ya mwaka 2018 ilimweka katika daraja la viumbe walio katika hatari ya kupotea. Anayemwona kama kaa wa nchi kavu tu atadhani kwamba kumlinda ni kulinda miti. Anayejua nasaba yake anajua kwamba mtoto wake huanzia baharini, na kwamba baina ya bahari na msitu anahitaji kombe tupu la kumsitiri. Chumbe ilipata hifadhi ya miamba yake ya matumbawe mwaka 1994 na ya msitu wake mwaka 1995, na kwa mnyama huyu hifadhi hizo mbili ni nyumba moja yenye milango miwili. Kwingineko, kombe linalookotwa ufukweni na kutandazwa juu ya meza kwa ajili ya mtalii huonekana ni kitu kisicho na mwenyewe, kwa kuwa konokono wake amekwisha kufa. Mwenyewe yupo. Bado anaelea mbali na mwambao, mdogo kuliko punje ya mtama, na zikipita wiki chache atashuka chini kulitafuta.